Mguu umevimba, damu imeganda: mrija au vidonge?

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu mguu mmoja unaovimba ghafla, nikasema usiupuuzie maana yaweza kuwa damu imeganda kwenye mishipa ya ndani, nikajua nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimeingia mpaka simu ikawa inagoma, na karibu zote zinazunguka kitu kimoja, hii tiba ya kuingiza mrija kwenye mshipa na kuyeyusha donge, ni ya kweli au ni biashara, inamfaa nani, na mtu auze mali au asiuze. Basi leo kona yote ni hiyo. Majina na namba za watu nimetoa.

SWALI: Shikamoo dokta. Naandika kutoka Tanga. Dada yangu ana miaka 31, alijifungua kwa operesheni wiki tano zilizopita. Siku kumi nyuma mguu wa kushoto ukaanza kuuma kwenye kinena, kulivyokucha umevimba wote mpaka pajani na ngozi inang'aa. Nyumbani wakasema matende hayo, akaletwa bibi akamkanda na mafuta ya nazi siku tatu. Haikusaidia ndo tukampeleka Dar, wakapima utrasaundi ya mishipa wakasema damu imeganda kuanzia gotini mpaka nyongani. Ameanza kuchomwa sindano za tumboni. Sasa daktari mmoja anasema akawekewe mrija wa kuyeyusha, bei ni mamilioni, mwingine anasema sindano na vidonge vinatosha. Mjomba ameshapata mteja wa shamba kwa sababu anaamini bila mrija dada atakufa. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, na poleni sana, mpe dada pole na hongera ya mtoto maana najua kwa hekaheka hizi hakuna hata aliyekumbuka kumpa hongera.

Kwanza nimtulize mjomba. Kinachomlinda dada yako asife ni hiyo hiyo sindano ya tumboni anayochomwa sasa hivi, ile ya heparini. Donge likiwa mguuni linauma na kuvimbisha, lakini linaloua ni kipande kinachomeguka, kinapanda na mshipa mkubwa wa tumboni, kinapita upande wa kulia wa moyo halafu kinakwenda kuziba mishipa ya mapafu. Heparini haiyeyushi donge, watu wengi wanakosea hapo, inalizuia lisiendelee kukua na mapya yasijiunge, halafu mwili wenyewe ndo unalila lile lililopo pole pole kwa wiki na miezi. Ni kama bomba limepasuka uani, unafunga koki kwanza halafu maji yaliyotuama yatakauka yenyewe. Kwahiyo mrija kwa mtu kama dada yako hauwekwi ili asife. Unawekwa kwa ajili ya mguu, huo mguu utakuwaje mwaka kesho na miaka kumi mbele. Mkishalielewa hilo mtaongea na madaktari bila presha ya jeneza.

Sasa kwanini yeye na kwanini kushoto. Karne ya 19 kule Ujerumani Rudolf Virchow alishasema damu huganda kwenye mshipa kwa mambo matatu, damu kutuama, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Mama aliyetoka kujifungua kwa kisu anayo yote matatu: kalala sana, kapasuliwa, na mwili wa mjamzito unajiandaa usipoteze damu wakati wa uzazi kwahiyo damu yake inaganda haraka, na hali hiyo inaendelea wiki sita hivi baada ya kujifungua, kwa wengine na zaidi. Kushoto ni kwa sababu ya njia. Mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka mguu wa kushoto unapita chini ya ateri inayokwenda mguu wa kulia, na nyuma yake kuna uti wa mgongo, kwahiyo unabanwa kama mpira wa maji uliokanyagwa. Watu wawili, May na Thurner, waliandika habari hizo mwaka 1957 na mpaka leo mbano huo unaitwa kwa majina yao. Wengi tunao kidogo kidogo na hatujui, ujauzito ukija ukakandamiza juu yake ndo balaa.

Na matende hayaji kwa usiku mmoja jamani! Matende ni ugonjwa wa miaka, mguu unajaa taratibu mpaka ngozi inakuwa ngumu. Mguu mmoja uliovimba jana na leo unauma, huyo sio mgonjwa wa matende, ni wa kukimbizwa hospitali, hata kama mtaa mzima una matende.

Mrija wenyewe unawekwaje. Dada atalazwa kifudifudi, wanapiga ganzi nyuma ya goti, halafu kwa kuangalia kwenye utrasaundi daktari anachoma sindano kwenye mshipa, anapitisha waya mwembamba laini, sindano inatoka, waya unabaki, na juu ya waya ndo mrija unateleza kuingia. Ujanja huo wa waya ni wa Msweden mmoja, Seldinger, tangu 1953, na karibu kila kitu kinachofanyika leo kwa mrija ndani ya mishipa kimesimama juu yake. Wanamwaga dawa inayoonekana kwenye eksirei ili waone donge linaanzia wapi linaishia wapi, kisha wanaweka mrija wenye vitundu vingi ubavuni, na mrija huo unalala NDANI ya donge, sio jirani yake. Kupitia vile vitundu dawa ya kuyeyusha, mara nyingi alteplasi, inadondoka taratibu, miligramu moja kwa saa au hata nusu yake, kwa siku moja, mara nyingine mbili. Linganisha na mgonjwa wa kiharusi, yule anaweza kupewa mpaka miligramu 90 ndani ya saa moja zikazunguka mwili mzima. Hapa unatumia dawa kidogo, inafanya kazi palepale penye shida, kichwa na tumbo vinabaki na hatari ndogo zaidi ya kuvuja damu. Ndogo sio sifuri.

Saa zote hizo halali nyumbani wala wodi ya kawaida, analala ICU au sehemu yenye uangalizi wa karibu, mguu haukunjwi, nesi anapita kuangalia pale palipochomwa pasivuje, anauliza kichwa kinauma? fizi zinatoka damu? na damu inapimwa kila baada ya masaa kadhaa. Kesho yake anarudishwa kwenye chumba kile kile wanaangalia. Kama donge limeisha na wameona ule mbano niliousema, wanaupanua kwa puto na kuweka stenti, kijibomba cha waya kinachouzuia mshipa usijifunge tena. Mshipa usipopanuliwa na mbano ukabaki, donge linaweza kurudi, ndo maana huwa nashangaa watu wakisifia dawa ya kuyeyusha peke yake.

Sasa madaktari wako wawili. Kusema kweli hakuna hapo anayekudanganya, wote wana karatasi za kusimamia. Wanorwe walifanya utafiti kwa wagonjwa 209, ukachapishwa 2012. Walichokuwa wanahesabu ni ule mguu wa baada ya donge, yaani mguu unaobaki mzito, unauma ukisimama, unavimba jioni, unakuwa mweusi juu ya kifundo na mwishoni unaweza kutoa kidonda kisichopona. Baada ya miaka miwili waliopewa dawa za kawaida tu asilimia 56 hivi walikuwa nao, waliowekewa mrija asilimia 41. Kwenye miaka mitano tofauti ikawa kubwa zaidi, 71 kwa 43. Watu wakashangilia. Halafu Wamarekani wakafanya mkubwa zaidi, wagonjwa 692, majibu yakatoka Desemba 2017, na yakamwagia watu maji baridi: asilimia 47 kwa mrija, 48 bila mrija. Ni yale yale! Na kuvuja damu kwingi ndani ya siku kumi za mwanzo kulikuwa 1.7 kwa mrija na 0.3 bila. Waholanzi nao 2020, asilimia 29 kwa mrija na 35 bila, na kwa idadi ya watu waliokuwa nao, tofauti hiyo haikutosha kusema mrija umeshinda.

Lakini usiishie hapo kama wanavyoishia wengi. Ule wa Wamarekani ulichanganya watu wenye donge la pajani kushuka na wenye donge lililopanda mpaka nyonga, na ukiangalia mguu MBAYA tu, ule wa kati na mkali, asilimia ni 18 kwa waliowekewa mrija na 24 kwa wengine. Yaani kwenye kila watu mia, sita wameepuka mguu mbaya, na mmoja na ushee kavuja damu sana kwa ajili hiyo. Faida waliyoipata zaidi ni wale donge limefika nyonga. Wa paja na goti hawakupata cha maana.

Dada yako basi yuko wapi? Ni kijana, donge limefika nyongani, lina siku kumi (baada ya siku 14 hivi donge linakuwa gumu kama gundi iliyokauka na dawa hailiyeyushi vizuri), mguu umevimba wote na ana miaka hamsini mbele ya kuutembelea. Angekuwa ndugu yangu ningemsikiliza yule daktari wa mrija. Ningemsikiliza, sijasema ningelipa hapo hapo. Ningemuuliza kwanza anihakikishie kwenye picha kwamba donge limepita kinena kweli, halikuishia pajani. Ningemuuliza damu yake ikoje, wingi wa damu, chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda), presha, kidonda cha operesheni kimekauka ndani na nje, na aliwahi kuwa na tatizo lolote la kichwani. Halafu ningemuuliza swali ambalo watu wanaona aibu, nyinyi hapa mmeshafanya wangapi na kitanda cha ICU kipo usiku huo? Daktari anayejiamini hakasiriki.

Shamba lisiuzwe leo. Kuna hali moja tu ambayo hamna muda wa kuuliza, mguu ukianza kuwa wa bluu au mweusi, maumivu hayashikiki, vidole baridi. Hapo mguu wenyewe unakufa na hamsubiri kikao cha ukoo. Vilevile akibanwa kifua, akahema ghafla, akakohoa damu au kuzimia, emajensi moja kwa moja.

Na anyonyeshe. Kuna mtu atamwambia aache kwa sababu ya dawa. Heparini haipiti kwenye maziwa na warfarini, kile kidonge cha zamani cha kuzuia damu kuganda, inapita kidogo sana kiasi kwamba haimdhuru mtoto. Hivi vidonge vipya, rivaroksabani na wenzake, ndo hatuwapi wanaonyonyesha, kwahiyo akumbushe ananyonyesha kila anapoandikiwa kitu.

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Niko Mombasa. Mume wangu ana damu iliyoganda pajani, yuko kwenye vidonge vya kulainisha damu wiki ya pili. Jirani ashauri afanyiwe hijama mguuni ili ile damu chafu itoke kisha mguu ukandwe. Ni sawa?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. La, si sawa, na nakuomba usimwache mtu aushike huo mguu. Kuukanda mguu wenye donge bichi unaweza kulimega likapanda kifuani. Na hijama ni kumchanja mtu ambaye damu yake kwa sasa tumeizuia kuganda kwa makusudi, atavuja na hatakoma vizuri. Donge lenyewe liko ndani kabisa katikati ya misuli, chuku ya juu ya ngozi hailifikii hata nusu. Mheshimu jirani, mpe chai, mguu usimpe. Akitaka hijama atangoja mpaka amalize dawa na daktari wake aseme ndio.

SWALI: Dokta habari za kazi, mimi niko Muscat lakini familia iko Unguja. Baba mdogo ana miaka 58, alisafiri na gari safari ndefu sana huko bara, aliporudi shavu la mguu likawa linauma. Wamepima wamekuta donge dogo kwenye mshipa wa chini ya goti. Sisi huku tumechanga hela apelekwe India akawekewe huo mrija, tiketi tunakata wiki hii. Ushauri wako?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na Mungu awazidishie moyo wa kuchanga. Ila hela hizo rudisheni kwenye mfuko, au mnunulieni dawa za miezi mitatu na chenji itabaki nyingi tu. Donge la chini ya goti haliwekewi mrija. Mishipa ya huko ni midogo na iko mingi, mmoja ukiziba mingine inapitisha damu, na mguu mbaya wa baadaye ni nadra ukilinganisha na wa nyonga. Hata kwenye ule utafiti wa Marekani niliousema watu wa donge la ugoko peke yake hawakuingizwa. Daktari mzuri wa India atamwambia hivyo hivyo baada ya kumlipisha vipimo.

Na jambo la tiketi linanitisha kidogo, mna mtu mwenye donge bichi mnataka kumkalisha kwenye ndege masaa kibao miguu imekunjwa, kitu kile kile kilichomletea donge! Aanze dawa, atulie, atembee tembee (ndio, atembee, habari ya kumlaza kitandani wiki nzima ni ya zamani), arudie utrasaundi kama daktari wake atakavyosema kuona halijapanda. Wakikuta limepita goti kuelekea juu tutaongea mengine.

SWALI: Shikamoo. Niko Columbus, Ohio. Mzee wangu alipata donge kubwa la paja mpaka nyonga, hapa hospitali wakamfanyia kwa mashine, saa mbili tu kazi imeisha, hakulala ICU na mrija. Kesho yake mkojo ukawa mwekundu tukapiga kelele, wakasema ni kawaida. Halafu wakampa tena vidonge vya miezi sita. Maswali yangu mawili, mkojo ule ulikuwa nini, na kama donge wameshalitoa vidonge vya nini? Na kwanini nyumbani hatuna hii?

JIBU: Marahaba, hayo matatu lakini sihesabu.

Kwa maelezo yako inaelekea walitumia ile mashine inayopiga maji ya chumvi kwa kasi kubwa kutoka ncha ya mrija, inalivunja vunja donge huku inafyonza. Shida yake inavunja na chembe nyekundu za damu nzima, rangi yake inachujwa na figo, mkojo unatoka mwekundu au rangi ya kola siku moja mbili. Ni kawaida kweli, ila kawaida ya kuangaliwa, maana rangi hiyo ikizidi inachosha figo, ndo maana wanawapa maji mengi ya dripu na hawakai na mashine muda mrefu. Kama mzee alikuwa na figo dhaifu kabla ilibidi wajue. Zipo na aina nyingine zisizotumia maji wala dawa, kuna moja inafunguka ndani ya mshipa kama juya la wavuvi, wanaliburuta kutoka juu kuja chini linakokota donge lote mpaka kwenye mfuko wake. Hiyo inapendeza kuitazama, unaona kabisa kitu kirefu kama kipande cha ini kinatoka. Na kwa mtu ambaye dawa ya kuyeyusha ni hatari kwake, aliyepasuliwa juzi kwa mfano, ni mlango mzuri.

Vidonge ni kwa sababu donge ni moshi, moto bado upo. Ukuta wa mshipa umekwaruzwa, mara nyingine ndani kuna stenti mpya, na sababu iliyoigandisha damu mwanzo haijafyonzwa na mashine. Akiacha vidonge wiki ya pili anaweza kuziba upya na safari hii na stenti juu. Kwa kawaida ni miezi mitatu kwa uchache, donge lililokuja bila sababu inayoeleweka huwa tunakwenda mbele zaidi, wengine maisha.

Nyumbani... vifaa hivyo vinatumika mara moja vinatupwa na bei yake ni maelfu ya dola, hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni mikono. Daktari wa kufanya kazi ndani ya mishipa akiongozwa na picha hasomeshwi kwa semina. Muhimbili mafunzo ya namna hiyo yalianza 2018 kwa kushirikiana na madaktari kutoka Yale wanaokuja kufundisha kwa zamu, na hao waliofundishwa ndo sasa wanafundisha wadogo zao. Kabla ya hapo mgonjwa wa aina hii Tanzania kwa sehemu kubwa alikuwa anaambiwa sindano, vidonge, na ndege kwa mwenye nazo. Kwahiyo tuko njiani, polepole kidogo kwa roho yangu, ila tuko.

SWALI: Dokta mimi mama wa miaka 46 Morogoro, niliwekewa mrija na stenti mwezi wa tatu, natumia warfarini. Jirani kaniambia hiyo ni sumu ya panya, nimeingiwa na hofu nimeruka siku nne. Pia nesi kasema nisile mboga za majani, sasa mimi bila kisamvu naishije?

JIBU: Mama leo leo rudi kwenye dozi yako ya kawaida, usifidie zile siku nne kwa kumeza nne kwa pamoja, na kesho asubuhi nenda kapime INR (kile kipimo cha damu yako inachukua muda gani kuganda) na waambie ukweli kwamba umeruka. Stenti ya miezi michache na damu isiyolindwa ni mchezo mbaya.

Jirani hajakosea, ila kakupa nusu ya hadithi. Miaka ya 1920 huko kaskazini mwa Marekani na Kanada ng'ombe walikuwa wanakufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani yaliyooza ghalani, wanasayansi wa Wisconsin wakachimba mpaka wakaipata kemikali yenyewe, wakaiboresha, ikauzwa 1948 kama sumu ya panya. Baadaye wakaona kwa kipimo kidogo inamfaa binadamu, ikaruhusiwa 1954, na mwaka uliofuata rais wao Eisenhower alipopata shtuko la moyo akapewa hiyo hiyo. Sumu ni kipimo mama, chumvi nayo ukila kilo unakufa.

Kisamvu kula. Warfarini inafanya kazi kwa kupingana na vitamini K, na majani mabichi ya kijani yanayo kwa wingi, kisamvu, mchicha, matembele, majani ya maboga. Ukikaa mwezi huli halafu ukaenda msibani ukala sahani tatu, dawa inazidiwa nguvu. Ukiziacha mboga ghafla dawa inakuzidi nguvu wewe. Kwahiyo kiasi kile kile kila wiki, kama ni mara tatu iwe mara tatu, sisi tutapanga dozi kufuata kisamvu chako na INR ikae kati ya 2 na 3. Ninachokukataza kwa ukali ni vidonge vya maumivu vya dukani, diklofenaki, ibuprofeni, aspirini ambayo daktari wako hajakuandikia. Hivyo ndo vinatuletea watu wanatapika damu. Mgongo ukiuma meza panadoli kwa kipimo chake. Na unga unga wa mitishamba wa kusafisha damu, hapana, hatujui ndani mna nini.

SWALI: Mwaka umepita tangu donge, sikuwekewa mrija, mguu bado mzito jioni na kifundo kimeanza kuwa cheusi. Naweza kuwekewa sasa? Kisumu.

JIBU: Ule wa kuyeyusha hapana, kilichobaki humo sio donge tena ni kovu. Ila kama mshipa wa nyonga umebaki umebana, kupanua kwa puto na kuweka stenti inawezekana hata baada ya miaka na wengine wanapata nafuu kubwa, omba upimwe mishipa ya nyonga na sio goti tu. Soksi za kubana vaa asubuhi kabla hujashuka kitandani. Utafiti wa Kanada wa 2014 wenye watu zaidi ya 800 ulionyesha hazizuii tatizo hili lisitokee, lakini kwa aliye nalo tayari zikimpa unafuu aendelee nazo, zikimkera azivue. Weusi huo wa kifundo usiukune, paka mafuta, kidonda kikianza hata kama cha punje ya mchele onyesha mapema.

Nikiwa nafunga ukurasa yule wa Tanga akaandika tena. Walikwenda na maswali yangu. Chembe sahani za dada zimekutwa chini na wingi wa damu yake ni 7, pungufu, daktari wa mrija mwenyewe akasema siku hizi hamgusi, wabaki na matibabu ya kawaida na wapime tena. Ile heparini wameisimamisha kwanza, maana yenyewe nayo inaweza kushusha chembe sahani, wamempa dawa nyingine ya kuzuia kuganda mpaka wajue chanzo. Mguu umepungua kidogo, anaweza kuvaa ndala. Mteja wa shamba ameondoka kwa hasira na mjomba anasema yeye alikuwa tayari hata leo. Swali lao jipya ni kama baada ya kuruhusiwa dada arudi Tanga kwa basi na mtoto. Akiruhusiwa anaweza, siti ya njiani, asikae na mtoto mapajani safari nzima, kila gari linaposimama ashuke atembee, maji anywe asiogope choo, na dawa zake zikae kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye buti la basi.